SOMO LA NYUMBANI: VITU VITAMU VYA WATOTO, NA BESENI YA UNGA



Katika somo hili tutafundishana namna ya kutengeneza vitu vinne vitamu ambavyo watoto wanapenda, kwa vyombo tulivyo navyo na kwa vyakula vinavyopatikana kwenye soko ya hapa kwetu. Sisi tulioandika ni kikundi cha wasichana na wavulana. Tunataja wavulana makusudi, kwa sababu wako wenzetu wanaosema: "Kupika njo kazi ya bamama." Lakini wakati wa kula hatujaona hata mmoja wao akibaki inje. Mkono unaojua kula ujifunze pia kukoroga.

I. JUU YA NINI SOMO HILI?

Mtoto wa Kasulo akipata franka kidogo, anakimbia kununua bonboni, biskuti, ao sucré ya kichupa. Hatumlaumu. Mtoto anapenda utamu, na sisi pia tulikuwa vile jana tu. Lakini tuliona mambo matatu.

Kwanza, franka zile kidogo kidogo, ukizihesabu kwa juma zima, zinatosha kununua kalanga na sukari za kutosha watoto wa nyumba yote. Pili, vitu vingi vinauzwa bila kufunikwa kando ya barabara, na vumbi la hapa kwetu sio vumbi la kuchezea. Tatu, mtoto aliyenunua anakula peke yake, amejificha nyuma ya lupango ili wadogo zake wasimwone. Lakini kitu kilichopikwa nyumbani kinakusanya watu. Mmoja anachoma kalanga, mwingine anaponda ndizi, mdogo anahesabu, baba aliyerudi amechoka anaikala hapo kidogo na kucheka. Hiyo ni faida isiyouzwa sokoni.

II. MAMBO YALIYOTUPATA SISI WENYEWE

Kabla ya kuandika, tulitaka kujaribu. Siku ya posho moja tulikusanyika kwa mmoja wetu, hapa Kasulo. Tulitaka kupika vitumbula. Tulichanga: huyu alileta unga, yule ndizi, mwingine mafuta. Watoto saba wa lupango walikuwa wamekaa juu ya tofali wakingoja tangu asubuhi. Tukatafuta chombo cha kukandia, tukapata beseni kubwa nyuma ya nyumba. Tukaiosha, tukatia unga, tukakoroga, tukafunika tungoje unga uumuke.

Mama wa nyumba alirudi kutoka soko, akasimama, akaangalia.

"Bana bangu, ile beseni mulitosha wapi?"

"Kule nyuma, mama."

"Aii! Njo ile beseni yaya yenu anasafishiaka mawe!"

"Lakini tuliiosha, mama."

"Mulioosha na mayi gani? Na sabuni? Asubui mawe ilikuwa mule ndani."

Tukanyamaza. Unga ulikuwa umekwisha kuumuka vizuri, na harufu yake ilikuwa tamu. Mmoja wetu akasema kwa sauti ya chini kwamba moto utaua kila kitu. Mwingine akasema watoto wamengoja sana, na hatuna franka ya kununua unga mwingine. Tunakiri kwamba karibu wote tulitaka kukubali. Lakini yule mwenzetu anayependa masomo ya kemia akasema: "Moto unaua mikrobe. Kobalti haifi, kwa sababu haina uhai. Ukiikaanga itabaki kobalti."

Tukamwaga unga wote. Mtoto mmoja wa miaka minne akaanza kulia, na sisi tulikuwa karibu kulia naye. Hapo mama akaingia nyumbani, akatoa sufuria ya viazi vitamu vilivyochemshwa jana, na sahani ya kalanga zilizokwisha kuchomwa. Akasema: "Pondeni hii." Kwa hiyo siku ile watoto walikula, na sisi tukapata fundisho la tatu mtakalosoma hapa chini, pamoja na sehemu inayofuata, ambayo kwetu ni kubwa kuliko upishi wenyewe.

III. USAFI KWA SISI WATU WA KASULO

Tangu mwaka 2014, kobalti ilipoonekana chini ya viwanja vya watu, Kasulo imekuwa fasi ambapo nyumba na shimo vinakaa pamoja. Mawe yanatolewa, yanapondwa na kusafishwa karibu na pale tunapopika na kulala. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Chuo Kikuu cha Leuven, kule Ubelgiji, walitangaza uchunguzi walioufanya hapa kwetu. Walipima damu na mkojo wa watu, na vumbi la nyumba pia. Walikuta watoto wanaokaa karibu na mashimo wako na kobalti katika mkojo karibu mara 10 kuliko watoto wa mahali pengine.

Watoto wanaumia zaidi kwa sababu wanacheza chini, kisha wanatia mikono mdomoni. Sasa fikirini: kitu kitamu kinashika mikono, kinashika vumbi, na mtoto analamba vidole. Basi tusiwape watoto utamu na vumbi pamoja. Haya ndiyo tunayoshauri:

1. Beseni ya unga iwe ya unga tu. Beseni, ndoo ao mfuko uliobeba mawe hata siku moja, usirudi jikoni. Sisi tulinunua beseni ndogo, tukaitoboa ukingoni na kufunga kitambaa chekundu, ili kila mtu wa lupango aijue.

2. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayomwagika, sio katika bakuli moja ambamo watu kumi wanachovya. Kucha zikatwe. Anayepika aoshe kwanza, halafu watoto wote waoshe mbele ya kula.

3. Nguo na viatu vya aliyetoka shimoni vibaki inje ya jiko. Asibebe mtoto mbele ya kunawa. Hatusemi hivi kwa kumdharau, kwa maana jasho lake ndilo linalotulisha. Tunasema kwa sababu anawapenda watoto wake.

4. Tusifagie kukauka wakati chakula kiko wazi. Tunyunyize maji, ao tupanguse meza na sakafu kwa kitambaa chenye maji. Chakula kifunikwe siku zote.

5. Maji. Wengi wetu tunachemsha maji, na ni vizuri, kwa sababu mikrobe zinakufa. Lakini kuchemsha hakuondoi metali. Maji ya kisima kilicho karibu na mashimo, hata ukiyachemsha saa nzima, metali inabaki, tena maji yakipunguka, metali inakuwa nyingi zaidi ndani ya yale yaliyobaki. Kwa kunywa na kupika, tutafute maji ya bomba ao ya kisima kilicho mbali na machimbo, kisha tuyachemshe.

IV. VITU VINNE VYA KUTENGENEZA

Kipimo chetu ni kopo ya kawaida ya kunywea, ile ya sentilita 25.

A. Kalanga ya sukari

Tayarisha: kopo 2 za kalanga mbichi zilizomenywa, kopo 1 ya sukari, nusu kopo ya maji, chumvi kidogo sana.

Kwanza chagua kalanga. Moja moja, juu ya sahani nyeupe, kwenye mwanga. Zile zenye kuvu, zilizonyauka, zilizogeuka rangi ao zinazochoma ulimi kwa uchungu, tupa. Kuvu ya kalanga inaleta sumu inayoitwa aflatoksini, ambayo inaharibu maini, na moto wa jikoni hauimalizi. Kazi hii ya kuchagua wape watoto wakubwa. Wanaipenda, na macho yao ni makali kuliko yetu.

Tia vyote pamoja katika sufuria juu ya mbabula. Koroga kwa mwiko bila kuacha. Maji yatakauka, na sukari itageuka kama muchanga mweupe juu ya kalanga. Wengi wanashtuka hapo wakifikiri imeharibika. Hapana. Punguza makala, endelea kukoroga. Muchanga ule utaanza kuyeyuka tena na kuwa rangi ya kahawia yenye kung'aa. Toa mbio, mbele haijaungua, mwaga juu ya sahani iliyopakwa mafuta, tenganisha kwa vijiko viwili.

Angalisho kubwa: hapa Kolwezi, kwa sababu mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1.400, maji yanachemka karibu digrii 95. Lakini sukari inayoyeyuka na kuwa kahawia inapita digrii 160, tena inashikamana na ngozi. Kwa hiyo mtoto mdogo asikaribie mbabula wakati huo, wala mtu asionje kwa kidole. Aliyeungua, timiza maji baridi juu ya fasi hiyo kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta.

Angalisho lingine: mtoto wa chini ya miaka 5 asipewe kalanga nzima. Inaweza kuingia katika njia ya pumzi na kumziba. Yeye mpe iliyopondwa.

B. Vitumbula vya ndizi

Tayarisha: kopo 2 za unga wa ngano, nusu kopo ya unga wa mahindi, ndizi 3 zilizoiva sana, vijiko vikubwa 2 vya sukari, kijiko 1 cha chai cha levure, chumvi kidogo, maji ya vuguvugu karibu robo tatu ya kopo, na mafuta ya kukaangia.

Ndizi zenye madoadoa meusi, ambazo muuzaji anaziacha kwa bei ndogo, ndizo zinazofaa. Zikiiva, wanga wake unageuka kuwa sukari. Hivyo ndizi inapunguza sukari ya kununua.

Koroga levure katika maji ya vuguvugu pamoja na sukari, ngoja dakika 10 mpaka itoe povu. Maji yasiwe ya moto, kwa sababu levure ni kitu chenye uhai, na maji ya moto yanaiua. Ponda ndizi, changanya na unga na chumvi, mwaga levure, koroga. Unga uwe mzito wa kuanguka polepole kutoka kijiko. Ukiwa mwepesi, ongeza unga. Funika, ngoja saa moja. Levure inakula sukari na kutoa hewa inayoitwa gazi ya kaboni, na hewa ile ndiyo inayoinua unga.

Tia mafuta motoni. Kwa kujua kama yamepata moto, angusha tone moja la unga. Likizama na kunyamaza, ngoja. Likipanda mara moja na kupiga mapovu, anza. Mafuta baridi yanaingia ndani ya kitumbula na kukifanya kizito. Mafuta yenye kutoa moshi yanaunguza inje na kuacha ndani mbichi. Kaanga kwa vijiko vidogo, geuza, toa. Utapata karibu 30.

C. Mipira ya viazi vitamu

Hii ndiyo ile ya mama. Haina sukari ya kununua, haina mafuta, na mtoto wa miaka mitatu anaweza kuifanya.

Tayarisha: viazi vitamu 4 vya kadiri, kopo 1 ya kalanga zilizochomwa na kutwangwa, chumvi kidogo.

Osha viazi vizuri, chemsha na maganda yake mpaka vilainike. Menya, ponda pamoja na chumvi na nusu ya kalanga. Acha vipoe. Sasa ita watoto, na mikono yao iwe imekwisha kuoshwa. Kila mmoja avingirishe mipira midogo, kisha aigaragaze katika kalanga iliyobaki. Wanaotaka wafanye nyoka, samaki, ao gari. Siku ile ya beseni, yule mtoto aliyelia alifanya kamioni ya magurudumu matatu, akakataa kuila mpaka baba yake arudi kuiona.

Kwa wale wanaopenda kula muhogo mbichi na kalanga, tunaongeza neno moja. Muhogo mtamu tu ndio unaliwa hivyo. Ule wa uchungu uko na sumu, nao unataka kulowekwa siku kadhaa na kukaushwa. Mtoto akisema muhogo ni uchungu, msimlazimishe.

D. Munkoyo

Bazee betu walikuwa wanafanyaka kinywaji kitamu bila kijiko hata kimoja cha sukari. Sisi tulikuwa tunakidharau na kutafuta sucré. Tulipoelewa kazi yake tulipata haya kidogo, maana kumbe hao wazee ndio wataalamu.

Tayarisha: litre 3 za maji safi, kopo 3 za unga wa mahindi, na fungu la mizizi ya munkoyo.

Pika uji kwa nusu saa ao zaidi. Toa motoni. Ngoja mpaka uweze kutia kijiko cha uji juu ya mkono bila kuumia. Mizizi ioshwe vizuri, itwangwe, itiwe ndani ya uji. Koroga. Utaona ajabu: uji mzito unaanza kuwa mwepesi kama maji. Funika, uache usiku mzima. Asubuhi chuja kwa kitambaa safi.

Sababu yake ni hii. Ndani ya mizizi muko vitu vinavyoitwa anzimu, ambavyo vinakata wanga na kuugeuza kuwa sukari. Ndiyo maana uji uwe vuguvugu: ukichemka na mizizi ndani, anzimu zinaharibika na uji unabaki uji.

Mambo mawili ya kuangalia. Mizizi nunua kwa mama anayeijua, usiende kuchimba pori kwa kubahatisha, kwa maana iko mizizi inayofanana nayo yenye sumu. Na munkoyo ya watoto inyweke siku ile ile ya kuchujwa. Ikilala siku mbili tatu inakuwa kali na kupata pombe, na hiyo sio ya watoto tena.

V. KIASI

Hatutaki mtu aseme kwamba tumefundisha watoto kula sukari mchana na usiku. Kitabu cha Mezali kinashauri kiasi hata kwa asali, tena asali ni kitu chema. Na asali yenyewe, mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe kabisa, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za ugonjwa ambazo tumbo lake bado halijui kuzishinda.

Mwaka 2015 Shirika la Afya la Dunia lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa isipite sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayopata kwa chakula, na kwamba nusu ya hiyo ni bora zaidi. Kwa mtu mzima, nusu hiyo ni karibu gramu 25, ni kusema vijiko vya chai 6. Kwa mtoto ni chini zaidi. Sasa chupa moja ya sucré ya kola ya sentilita 33 iko na gramu karibu 35. Chupa moja tu imepita. Lakini kalanga yetu ya sukari, ikigawanywa mafungu 20, kila fungu liko na sukari gramu 10, tena mtoto amepata na nguvu ya kalanga.

Kwa meno pia, afadhali mtoto ale kitu kitamu mara moja, pamoja na chakula, kuliko kunyonya bonboni kutwa nzima. Mikrobe za mdomo zinageuza sukari kuwa asidi, na asidi inatoboa jino. Akimaliza, asukutue kwa maji. Usiku apige mswaki na asile tena.

VI. HESABU YA NYUMBA

Mbele ya kusema "ni bei kali", andika. Tuseme, kwa mfano tu, unga, ndizi, sukari, levure, mafuta na makala vimekula franka 6.000, na umepata vitumbula 30. Kimoja ni franka 200. Ukila 10 na ukauza 20 kwa franka 300, umerudisha zile 6.000 zote, na watoto wamekula bure. Wako wenzetu wanaotafuta franka ya masomo kwa kuponda mawe siku ya posho na siku ya mungu. Hatusemi vitumbula vitalipa masomo yote. Tunasema tu kwamba mikono inayojua kazi nyingine iko na mlango mwingine wa kupita, na mlango huo hauanguki juu ya kichwa cha mtu.

VII. MASWALI YA KUJIBU

1. Kwa nini tulimwaga unga ule, hata kama ungekaangwa katika mafuta ya moto?
2. Kuchemsha maji kunaondoa nini, na hakuondoi nini?
3. Eleza utamu wa munkoyo unatoka wapi. Juu ya nini mizizi isitiwe wakati uji unachemka?
4. Taja mambo mawili ya hatari katika kalanga ya sukari, na namna ya kuyaepuka.
5. Kazi ya mikono: tafuta beseni moja nyumbani kwenu, uitie alama iwe ya unga peke yake. Waambie watu wote wa lupango sababu yake. Kisha utuletee habari.

Tulipomwaga unga ule tulifikiri tumepoteza siku. Lakini tangu hapo mama yule haachi tena beseni mbili kukaa fasi moja, na majirani wawili wamefunga kitambaa chekundu kwenye zao. Basi hatukupoteza. Mungu awabariki, na msisahau sabuni.